Mjadala: Miradi ya programu huria iwafungie mlango wageni kwa sababu ya takataka za akili mnemba?

Wakuu, habari za jioni.

Naleta swali ambalo kwa watengeneza programu limeshakuwa ugomvi wa wazi, na linatugusa sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyofikiri. Miradi ya programu huria, ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko hadharani na yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia na kuleta marekebisho, imefurika takataka. Baadhi ya wanaoitunza wamechoka, wanasema mlango ufungwe: usiyejulikana, usilete kitu. Je, tuwaunge mkono?

Msimamo wangu nautanguliza ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Mlango usifungwe. Anayekaa mlangoni alipwe, na sisi tunaofundisha vijana tuache kuwatuma wakamchoshe.

Kwa wasiofuatilia mambo haya, nichukue mfano wa curl. Ni programu ndogo ambayo mtumiaji wa kawaida haioni, kazi yake kupeleka na kuleta data mtandaoni. Imo kwenye simu, televisheni, magari na seva. Mwenyewe Daniel Stenberg, Msweden aliyeitoa kwa jina hilo mwaka 1998, anakadiria imewekwa mara zaidi ya bilioni 20 duniani. Tangu 2019 mradi ulikuwa ukimpa zawadi ya fedha yeyote anayefichua tundu la kiusalama, na zaidi ya dola 100,000 zililipwa kwa utaratibu huo. Ulifanya kazi vizuri. Kisha ikaja mitambo ya kuandika. Katikati ya 2025 Stenberg alieleza kwamba takriban ripoti 1 kati ya 5 ilikuwa takataka ya akili mnemba, na kwamba katika kila ripoti 100 za mwaka huo ni kama 5 tu zilizogusa tundu la kweli. Januari 2026 akatangaza kwamba zawadi zinakoma mwisho wa mwezi ule.

Ukitaka kuelewa uchovu wake, soma ripoti moja ya aina hiyo. Ina adabu kupita kiasi. Ina vichwa vidogo, ina maelezo ya hatua kwa hatua, ina hata msimbo wa kuthibitisha. Unafika aya ya nne ndipo unagundua inazungumzia sehemu ya programu ambayo haijawahi kuwepo. Ukimuuliza mletaji, anakujibu kwa aya nyingine tano za adabu, naye hajui alichokileta: amelichukua swali lako, akalipeleka kwenye mtambo, akanakili jibu. Timu ya usalama ya curl ilikuwa na watu 7, na kila ripoti ilipita kwa watu 3 au 4, kila mmoja nusu saa, wakati mwingine saa mbili tatu. Na huwezi kuipuuza, maana utakayoipuuza huenda ndiyo ya kweli.

Sisi hesabu hii tunaijua vizuri. Nani humu hajapokea "ile pesa itume kwenye namba hii"? Anayetuma ana bando la SMS, gharama yake ni kidole tu. Gharama yote iko kwako unayepokea: kusoma, kushtuka, kumpigia mama kumuuliza kama na yeye ameipata, na siku umechoka, kutuma kweli. Akijibiwa na mmoja kati ya maelfu, siku yake imelipa. Takataka yoyote inaishi kwa namna hiyo, kwamba kuituma ni bure na kuichambua ni ghali. Mitambo ya kuandika imefanya tu upande wa kutuma uwe bure zaidi.

Nimeanza na SMS makusudi, kwa sababu dawa inayopendekezwa na wengi ni ile ile tuliyokwisha kuijaribu. "Kila mtu ajitambulishe, mambo yataisha." Tanzania tulisajili laini kwa alama za vidole kuanzia 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Nilipanga foleni kama nyinyi. Usajili umesaidia mengine, sikatai, na ile namba ya 15040 ya kupeleka jumbe za kitapeli naitumia mpaka leo. Lakini hebu fungua simu yako sasa hivi uone kama "ile pesa" imeacha kuja. Tapeli anapata laini iliyosajiliwa kwa jina la bibi fulani ambaye hajui lolote, kazi inaendelea.

Sasa niwaeleze la kwangu.

Natunza mradi mmoja mdogo unaosafisha namba za simu za Tanzania. Mnajua watu wanavyoandika: huyu anaanza na sifuri, yule 255, mwingine anaweka alama ya kujumlisha, mwingine vistari katikati. Programu inazipokea zote na kuzitoa kwa sura moja. Inatumiwa na maduka na vikundi vya VICOBA ambao hata hawajui iko ndani ya mifumo yao. Silipwi. Naishughulikia usiku watoto wakishalala.

Oktoba iliyopita niliamka alfajiri nikakuta maombi 23 ya mabadiliko. Kwa mradi ambao kwa kawaida unapata mawili kwa mwezi, nilidhani kuna jambo kubwa limetokea. Mmoja alikuwa ameongeza jina lake kwenye faili la maelezo. Mwingine amebadilisha "hakiki namba" kuwa "hakiki namba vizuri sana". Watatu walikuwa na badiliko lile lile, neno kwa neno, kila mmoja kwa jina lake. Mmoja alisema amesahihisha Kiswahili: kila palipoandikwa "tarakimu" kaweka "takwimu", kwa hiyo onyo lililosema namba iwe na tarakimu 10 likawa linamdai mteja takwimu 10. Yule hakusoma. Mtu yeyote aliyepita darasa la nne anajua maneno hayo si mamoja.

Nikaanza kufunga moja baada ya jingine. Nilipofika la kumi na tisa kidole kilikuwa kimeshazoea. Akaunti ina siku tatu, haina picha, haina kazi nyingine yoyote, kwa sura haina tofauti na zile nyingine. Maelezo yalikuwa mistari miwili tu: samahani mkuu, namba zikinakiliwa kutoka WhatsApp zinakuja na nafasi isiyo ya kawaida katikati, programu inazikataa, nimejaribu kurekebisha. Lile "nimejaribu" ndilo lililonisimamisha. Mitambo haisemi imejaribu, husema imekamilisha.

Nikafungua kompyuta, nikanakili namba kutoka WhatsApp, nikaipitisha. Ikakataliwa. Kwa macho huoni kitu, nafasi ni nafasi, lakini kwa kompyuta ile ni herufi nyingine kabisa na msimbo wangu haukuwa ukiijua. Karibu mwaka mzima programu yangu ilikuwa inakataa namba halali za watu halali, na wenye maduka walikuwa wakidhani wateja wamekosea kuandika. Aliyeiona ni kijana wa Geita, kwa kompyuta ya kuazima.

Niambieni sasa: mlango ungekuwa umefungwa kwa wasiojulikana, huyu angepita wapi?

Ndiyo maana nasema jambo hili linatugusa. Katika utaratibu wa "lete mtu anayekufahamu", wa kwanza kubaki nje ni kijana asiye na mtandao wa watu San Francisco wala Berlin. Na tusijidanganye kwamba kubaki nje huko ni hasara yetu peke yetu. Ushahidi, ile ramani ya kukusanya taarifa kutoka kwa wananchi, ilijengwa na Wakenya Januari 2008 nchi ikiwa katika vurugu za baada ya uchaguzi. Msimbo ukawekwa wazi, na Januari 2010 tetemeko lilipoipiga Haiti ramani hiyo ndiyo iliyotumika. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulikua kutokana na mahitaji ya kliniki za UKIMWI za Eldoret, Wakenya na Wamarekani wakifanya kazi pamoja. Takwimu za afya za Tanzania na Kenya zinapita kwenye DHIS2, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mshirika wake wa miaka mingi. Hakuna hata mmoja wa miradi hiyo ungefika ulipo kama mgeni angeulizwa kwanza anafahamiana na nani.

Kuna wanaosema: basi tuamini wale waliokaa muda mrefu na kuonyesha kazi. Hapo nawakumbusha xz. Hii ni programu ya kubana mafaili, imo karibu katika matoleo yote ya Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi duniani, na ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Ufini, bila malipo. Mtu aliyejiita Jia Tan akaanza kuleta marekebisho mazuri, ya kweli. Mwaka 2022 akaunti nyingine ambazo hakuna aliyezifahamu zikaanza kumsakama Collin: kwa nini unachelewa, kwa nini humpi mwingine nafasi. Collin akajibu kwamba amekuwa na matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu na kwamba ile ni kazi ya kujitolea. Wakaendelea kumbana. Mwisho Jia Tan akapewa funguo, na mapema 2024 akapenyeza mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Uligunduliwa Machi 2024 na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa sababu tu kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuifikia ukiwa mbali, kulikuwa kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, naye hakukubali kuipuuza nusu sekunde hiyo.

Kisa hiki kila nikikisimulia darasani kinanitia uchungu. Watu wanakitaja kama kisa cha jasusi hodari. Mimi naona mtu mmoja aliyechoka, anayesukumwa na watu wasiokuwepo, na duniani kote waliokuwa wakitegemea kazi yake hapakuwa na hata mmoja aliyemwambia pole, pumzika, huyu hapa wa kukusaidia na mshahara wake tumelipa. Jia Tan hakupita kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Alipita kwa sababu mlinzi alikuwa hoi.

Kwa hiyo tuzungumze malipo, maana hapo ndipo kampuni kubwa hubadilisha mada. Aprili 2014 lilipofichuliwa tundu la Heartbleed, dunia ilishtuka kusikia kwamba OpenSSL, programu yenye tundu hilo na iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri mtandaoni, ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Ndipo shirika la Linux Foundation na kampuni kubwa wakaanzisha mfuko. Januari 2022, baada ya lile tundu la Log4j, programu huria nyingine inayotumika sana, Stenberg alipokea barua pepe kutoka kampuni kubwa ya Marekani, ambayo hakuitaja jina, ikimtaka ajibu orodha ya maswali ya usalama ndani ya saa 24. Hawakuwahi kumlipa hata senti. Na curl haitumii Log4j kabisa! Akawajibu kwamba atafurahi kujibu yote wakishasaini naye mkataba wa huduma. Lilikuwa jibu la haki kabisa.

Inawezekana kulipa. Ujerumani ilianzisha mfuko wa serikali, Sovereign Tech Fund, mwaka 2022, na curl ilikuwa kati ya miradi ya mwanzo kupata, euro 195,000. Wanalipa matengenezo, kama serikali inavyolipa kukarabati daraja. Hapa kwetu tunajenga mifumo ya umma juu ya msimbo huo huo, lakini katika zabuni sijawahi kuona mstari wa bajeti unaosema "matengenezo ya programu huria tunayoitegemea". Hilo lingeweza kuanza kesho.

Upande wa pili ni sisi walimu, na hapa sitapunguza maneno. Yale maombi 23 niliyafuatilia. Mengi yalitoka kwa wanafunzi wa kozi moja ya mtandaoni ambayo sitaitaja. Walikuwa wameambiwa walete uthibitisho wa michango 10 iliyopokelewa kwenye GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya aina hii, ndipo wapewe cheti. Michango kumi, popote, ya aina yoyote. Ukimpa kijana sharti kama hilo, na mtambo wa kuandika uko mkononi mwake, na ada ameshalipa kwa pesa ya kuuza mahindi ya mzee, unadhani atafanya nini? Simlaumu kijana. Namlaumu aliyeweka sharti.

Na si jipya. Oktoba 2020 kampuni ya DigitalOcean, katika kampeni yake ya kila mwaka ya Hacktoberfest, iliahidi fulana kwa watu 70,000 wa kwanza watakaoleta maombi manne ya mabadiliko. Miradi ikafurikwa na "improved docs" (nimeboresha maelezo) za neno moja, mpaka siku chache baada ya kuanza wakabadilisha kanuni, mradi ambao haujajiandikisha kushiriki usihesabiwe. Wakati ule hapakuwa na ChatGPT. Watu walifanya kwa mikono, kwa ajili ya fulana. Anayedhani tatizo ni mtambo ajiulize hilo. Tena mwaka 2025 mtafiti mmoja alitumia zana za akili mnemba kupekua curl akaleta makumi ya kasoro za kweli, na Stenberg huyo huyo akamsifu hadharani. Yeye alisoma alichokipata kabla ya kukipeleka.

Karibuni tujadili. Nitarudi kujibu.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu

Mkuu mmoja wa Nairobi ameandika kwamba programu huria imeshakufa, kampuni zenyewe zinabadilisha leseni, kwa hiyo tunabishania maiti. Ametaja HashiCorp ya 2023, wenye Terraform, programu ya kupanga seva, na Redis ya 2024, wenye programu ya kuhifadhi data. Ni kweli walibadilisha, wakisema wamechoka kampuni kubwa za seva za kukodi kuvuna wasichopanda. Lakini tazama kilichofuata. Redis ilipofunga leseni Machi 2024, ndani ya siku chache wachangiaji wakachukua toleo la mwisho lililokuwa huru wakaanzisha Valkey, na Mei 2025 Redis yenyewe ikarudi kwenye leseni huria. Terraform ya HashiCorp ilizaa OpenTofu kwa namna hiyo hiyo. Maiti haizai, ndugu yangu. Ninachokubaliana nawe ni kwamba malalamiko yao ya awali yalikuwa na ukweli: mwenye seva nyingi anafaidi, mtunzaji anabaki na shukrani. Hilo ndilo nimelisema, ila dawa yao iliwapiga wachangiaji wa kawaida waliotoa kazi yao bure wakiamini itabaki wazi.

Dada wa Mombasa amependekeza dhamana: kila anayeleta ripoti aweke dola chache, zirudishwe ripoti ikiwa ya kweli. Nimelifikiria hili sana kwa sababu linagusa mzizi, linafanya kutuma kusiwe bure. Shida yangu ni ya utekelezaji. Dhamana hiyo italipwa kwa kadi. Kijana wangu wa Geita hana kadi, ana M-Pesa, na tovuti nyingi za huko hazipokei M-Pesa. Siku zitakapopokea, na kiasi kikiwa cha soda moja, nitaliunga mkono. Leo litakuwa ukuta mwingine kwa yule yule.

Kuna aliyeniambia mimi ni mtetezi wa wavivu, kwamba mtunzaji ana haki ya kufunga mradi wake. Haki hiyo sijaipinga popote. Stenberg alipoondoa zawadi alikuwa analinda afya za watu wake na ningefanya hivyo hivyo. Hata mimi nimeweka sharti jipya: anayeleta badiliko aonyeshe namba moja iliyokataliwa kabla na iliyokubaliwa baada. Ukiwa umeijaribu programu, ni kazi ya dakika mbili. Ukiwa hujaijaribu, huna cha kuonyesha. Tangu niliweke, takataka zimepungua sana na sijamuuliza mtu anatoka wapi wala akaunti yake ina umri gani.

La mwisho, mwalimu wa chuo kimoja Dodoma ameuliza: mimi nina wanafunzi 60, nisipohesabu michango nitapimaje? Mwalimu, chukua kasoro moja. Moja tu, kwa kundi la watu sita, kwa wiki tatu. Wiki ya kwanza waifanye itokee mbele ya macho yako, mara tatu mfululizo. Wiki ya pili waandike, kwa maneno yao, kwa nini inatokea. Wiki ya tatu ndipo waguse msimbo. Nilifanya hivi mwezi uliopita na vijana sita hapa Mwanza, kwenye mfumo wa tafsiri wa programu moja ya maktaba ambayo ilikuwa ikipanga majina vibaya kila palipo na ng' mwanzoni. Siku ya nne bado walikuwa wanabishana kama tatizo ni ile alama ya ritifaa au ni herufi yenyewe. Waliandika alama tatu tofauti za ritifaa ubaoni, wakazipitisha moja moja, na mbili zikaharibu orodha. Badiliko lenyewe lilikuwa mistari minne. Mtunzaji wa mradi, mtu wa Brazili asiyejua neno la Kiswahili, alilipokea siku ile ile, akawauliza kama kuna herufi nyingine za lugha yao ambazo hajazifikiria. Bado wanamwandikia orodha.